Noh, Kyogen, Bunraku na Kabuki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maigizo ya jadi ya Japani

Kila nikitaja kwamba napenda maigizo ya kale ya Kijapani, maswali huja yaleyale. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yananifurahisha, mengine nimeyapitia haraka.

Ziko aina ngapi?

Kubwa ni nne. Noh (tamka "noo") ni tamthilia ya vinyago, ushairi na mwendo wa taratibu. Kyogen ni kichekesho kinachochezwa kwenye jukwaa hilohilo la Noh, baina ya tamthilia moja na nyingine. Bunraku ni maigizo ya vikaragosi, na kwao ni Osaka. Kabuki ndiyo ile yenye nyuso zilizopakwa rangi, mavazi mazito na makelele. UNESCO ilizitangaza kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu kwa mafungu: Noh na Kyogen pamoja mwaka 2001, Bunraku 2003, Kabuki 2005. Ipo pia kumiodori ya Okinawa, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1719 mbele ya wajumbe kutoka China, lakini hapa nabaki na hizi nne.

Ipi ni kongwe kuliko zote?

Noh na Kyogen, ndugu wa tumbo moja. Zimetokana na sarugaku, mchanganyiko wa sarakasi, nyimbo na mizaha uliokuwa ukichezwa kwenye sikukuu za mahekalu. Katika karne ya 14 alitokea mwigizaji aitwaye Kan'ami (1333–1384) akaingiza muziki mpya na visa vyenye uzito. Mnamo 1374 hivi, shogun (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimitsu, ambaye mwenyewe alikuwa bado kijana, alikwenda kumtazama huko Imakumano, mjini Kyoto, akamwona na mwanawe mdogo, Zeami. Tangu siku hiyo wachezaji wa viwanja vya mahekalu wakawa watu wa ikulu.

Zeami ndiye aliyeifanya Noh iwe Noh. Aliandika tamthilia, na aliandika pia mafunzo ya ufundi ambayo familia ziliyaficha kama siri ya nyumbani hadi yalipochapishwa hadharani mwaka 1909. Uzeeni bahati ilimgeuka: mwaka 1434, akiwa na miaka 70 na ushei, alihamishiwa kisiwa cha Sado kwa amri ya shogun mwingine. Kisiwa hicho leo kina majukwaa ya Noh zaidi ya 30.

Mbona Noh inakwenda polepole namna ile?

Hili huulizwa kuliko yote, tena kwa kicheko. Jibu langu: kwa sababu anayeingia jukwaani mara nyingi ni marehemu, na marehemu hana haraka.

Kisa cha kawaida huwa hivi. Mtawa msafiri anafika mahali. Anakutana na mwenyeji, labda mkata nyasi au mwanamke anayeteka maji kisimani. Wanaongea, na yule mwenyeji anaonekana kujua mno habari za mtu aliyekufa hapo zamani. Kisha anatoweka. Katika nusu ya pili anarudi kwa sura yake ya kweli: ndiye yule marehemu, na bado kuna jambo halijamtoka moyoni. Katika "Atsumori" ya Zeami, mzimu ni wa kijana wa ukoo wa Heike aliyeuawa katika vita vya Ichinotani mwaka 1184, na mtawa anayemwombea ndiye yuleyule askari aliyemkata kichwa, ambaye baadaye aliacha upanga akaingia utawani. Mambo ya namna hiyo hayaendeshwi mbio.

Halafu jukwaa lenyewe liko tupu. Ni mraba wa mbao za mti wa hinoki, wenye upande wa mita sita hivi, chini ya paa lenye nguzo nne, na paa hilo hubaki hata jukwaa likiwa ndani ya jengo, kwa sababu zamani lilikuwa nje. Nyuma kumechorwa msonobari mmoja. Kushoto kuna daraja refu ambalo wachezaji hupitia. Hakuna pazia la kufungua na kufunga mbele. Mwigizaji hainui nyayo, huburuza miguu iliyovikwa soksi nyeupe, na hatua tatu zinaweza kuwa safari ya siku nzima.

Mfano wa karibu. Katika "Aoi no Ue", bibi Aoi ambaye tamthilia imepewa jina lake haji kabisa. Msaidizi anatoka na kimono iliyokunjwa vizuri, anaitandika ukingoni mwa jukwaa, anaondoka. Nguo hiyo ndiyo mgonjwa. Waganga wanaiombea, na roho ya mwanamke mwenye wivu inaisogelea na kuipiga kwa upepeo. Mara ya kwanza ilinichukua kama dakika kumi kuacha kuiona nguo. Baada ya hapo nilikuwa natazama mtu anayekufa.

Na ndiyo, watu husinzia. Nami nimesinzia, zaidi ya mara moja. Hakuna aliyenigusa bega.

Kinyago cha mbao kinawezaje kubadilika sura?

Hakibadiliki, mwanga ndio unaobadilika. Mchongaji huuacha uso katikati ya hisia mbili, si kicheko si kilio. Mwigizaji akiinua kidevu kidogo, mwanga hujaa usoni na midomo huonekana kutabasamu. Wajapani huita hivyo "kuangaza". Akiinamisha, kivuli kinashuka na uso unahuzunika. Hapo wanasema "kutia mawingu". Anayecheza hufanya hivyo kwa kipimo kidogo sana, kwani akizidisha uso unakuwa kipande cha ubao tena.

Matundu ya macho ni madogo mno, kiasi kwamba mchezaji hujipimia mahali kwa kuangalia nguzo ya pembeni mwa jukwaa. Ukiiondoa nguzo hiyo, anaweza kuanguka kwa watazamaji. Kabla ya kutoka, huketi katika chumba chenye kioo cha kujitazamia, hukipa kinyago heshima kwa kuinama, ndipo hukivaa. Sio wahusika wote wanaovaa, lakini kwa kawaida mhusika mkuu anapokuwa mwanamke, mzee, mungu au jini, kinyago hakikosi.

Muziki wake ni wa nini, filimbi na ngoma tu?

Filimbi moja na ngoma mbili au tatu, pamoja na waimbaji wanane walioketi pembeni. Wapiga ngoma hupiga makelele yao kati ya pigo na pigo, "yoo", "hoo", na wageni hudhani wanaumwa. Makelele hayo ni sehemu ya hesabu.

Ninachokipenda ni utunzaji wa ngozi. Ngoma ya nyongani, otsuzumi, ngozi yake huokwa juu ya mkaa kwa zaidi ya saa nzima kabla ya onyesho, hadi ikauke na kulia kwa ukali. Aliyewahi kuona wapiga ngoma wetu wakizianika ngoma kwenye moto wa makuti usiku wa harusi hahitaji maelezo. Ajabu ni kwamba jirani yake, ngoma ya begani, hutaka kinyume chake: mpigaji huipulizia pumzi na kuilowesha kwa mate ili sauti iwe laini. Wawili hao wameketi bega kwa bega, mmoja anakausha, mwingine analowesha.

Kyogen inachekesha kweli au inachekesha Wajapani tu?

Inachekesha yeyote aliyewahi kuwa na bosi. Mfano maarufu ni "Busu". Bwana anakwenda safari, anawaachia watumishi wawili, Taro Kaja na Jiro Kaja, chungu kimoja, anawaonya kwamba ndani kuna sumu kali, hata upepo unaotoka kwake unaua. Kumbe ni sukari, ambayo enzi hizo ilikuwa kitu cha thamani. Watumishi wanaisogelea wakipepea kwa pepeo zao ili upepo wa sumu usiwafikie, wanaonja, wanaimaliza yote. Sasa watasema nini? Wanachana picha ya bwana wao ya ukutani, wanavunja bakuli lake zuri, kisha wanaketi kulia. Bwana anaporudi wanamweleza: tuliharibu mali yako kwa bahati mbaya, tukaona ni bora tufe, tukala sumu, tukala tena, na mpaka sasa hatujafa. Aliyekulia hadithi za Abunuwasi atamtambua Taro Kaja mara moja.

Lugha ni ya mazungumzo ya karne nyingi zilizopita na vinyago ni vichache. Wanaojifunza husema mafunzo huanza kwa nyani na kuishia kwa mbweha: mtoto mdogo huanza kwa kucheza nyani, na akikomaa hupewa sehemu ngumu ya mbweha mzee aliyejigeuza mtawa.

Bunraku ni ya watoto?

Hapana, na anayempeleka mtoto bila kuuliza atajuta. Wapenzi wanajiua, akina mama wanatoa watoto wao sadaka, samurai wanajipasua matumbo. Vikaragosi vinavumilia mambo ambayo mwigizaji wa nyama na damu angeyafanya yatushinde kuyatazama.

Kila kikaragosi kikubwa huchezeshwa na watu watatu, mtindo ulioanza Osaka mwaka 1734. Mkuu hushika kichwa na mkono wa kulia. Wa pili hushika mkono wa kushoto. Wa tatu huchezesha miguu. Hawazungumzi, mkuu akitikisa bega la kikaragosi kidogo tu, wenzake wawili wameshajua kinachofuata. Desturi inasema miaka kumi ya miguu, miaka kumi ya mkono wa kushoto, ndipo mtu afikiriwe kushika kichwa. Mkuu huvaa viatu virefu vya mbao, mitalawanda hasa, vilivyofungwa nyasi chini ili visilie, kwa sababu anayechezesha miguu huinama chini yake na anahitaji nafasi.

Vikaragosi vya kike kwa kawaida havina miguu. Mchezeshaji hutia ngumi zake ndani ya pindo la kimono na kulisukuma, nawe unaapa umeona goti.

Pembeni kulia huketi watu wawili: mpiga shamisen, ala ya nyuzi tatu, na msimulizi, tayu. Huyu msimulizi peke yake hutoa sauti zote, ya mtoto, ya kikongwe, ya jambazi. Hujifunga kibwebwe tumboni na kutia ndani yake kifuko cha mchanga na maharage ili apate nguvu ya kupaza sauti, na kabla ya kuanza huinua kitabu cha maneno hadi usawa wa paji la uso kwa heshima. Mimi humtazama yeye nusu ya muda. Jasho lake ni sehemu ya onyesho.

Si tatizo kuwaona watu wakichezesha?

Dakika tano za mwanzo, ndiyo. Watu watatu wakubwa kwa mdoli mmoja, wawili wakiwa wamefunikwa nguo nyeusi hadi usoni, na mkuu mara nyingi uso wazi kabisa. Lakini hili ndilo jambo linaloziunganisha zote nne, na ndilo lililoninasa mimi: hazikufichi kitu. Nguo ni mgonjwa, na unaona aliyeitandika. Kikaragosi kinalia, na unaona mkono unaokiliza. Katika Kabuki mtu mwenye nguo nyeusi anaingia katikati ya mapigano kuokota upanga ulioanguka, na ukumbi mzima umekubaliana kwamba hayupo. Ukiisha kutia saini mkataba huo, umeingia.

Shamisen ndiyo ile tashkota ya taarabu?

Sio, ingawa swali lina maana, maana tashkota nayo ni Mjapani: ni taishogoto, kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912, kikasafiri hadi pwani yetu. Shamisen ni ya zamani zaidi. Ina shingo ndefu na nyuzi tatu, ilifika Japani katika karne ya 16 kupitia visiwa vya Ryukyu, na hupigwa kwa kipande kipana kama sepeto ndogo kinachogonga uzi na ngozi kwa pamoja. Ndiyo maana inasikika kama gambusi na ngoma kwa wakati mmoja.

Nani anaitwa "Shakespeare wa Japani"?

Chikamatsu Monzaemon (1653–1725), jina la utani ambalo halimsaidii sana. Alikuwa mtoto wa samurai aliyeandikia vikaragosi na Kabuki. Mwaka 1703, karani wa duka la mchuzi wa soya na kahaba mmoja walijiua pamoja kwenye msitu wa Sonezaki, Osaka. Mwezi mmoja hivi baadaye kisa chao kilikuwa jukwaani, kimeandikwa na Chikamatsu, na watu walifurika.

Kuna tukio moja humo ambalo nalirudia kila nikipata nafasi. Tokubei, yule karani, amejificha chini ya sakafu, amefunikwa na pindo la kimono ya Ohatsu, yule kahaba, aliyeketi kibarazani. Adui anamsema Tokubei vibaya. Ohatsu, akijifanya anaongea peke yake, anauliza kama mpenzi wake yuko tayari kufa. Tokubei anaushika mguu wake na kuupitisha kooni mwake kama kisu. Nimesema vikaragosi vya kike havina miguu. Kwa ajili ya tukio hili, Ohatsu hutengenezewa mguu. Mguu mmoja, mweupe, kwa dakika chache.

Serikali haikufurahi. Wapenzi halisi walianza kuiga, na mwaka 1723 tamthilia za kujiua kwa wapenzi zikapigwa marufuku.

Ni kweli Kabuki ilianzishwa na mwanamke?

Kweli. Mwaka 1603, Okuni, aliyejinadi kuwa mhudumu wa hekalu kuu la Izumo, alicheza ngoma zake kando ya mto Kamo, Kyoto, amevaa nguo za kiume na upanga kiunoni. Jina lenyewe linatokana na neno la kuinama upande, kwenda kombo. Walioitwa hivyo ni vijana wa mjini wenye mavazi na tabia za ajabu. Makundi ya wanawake yakaongezeka, ukahaba na ugomvi vikafuatana nayo, na mwaka 1629 wanawake wakafukuzwa jukwaani. Wakaingia wavulana, ugomvi ukawa uleule, nao wakafukuzwa 1652. Wakabaki wanaume wazima, walionyolewa nywele za mbele ili wasivutie mno.

Kutokana na marufuku hiyo akazaliwa onnagata, mwanamume mwenye ufundi wa sehemu za kike. Yoshizawa Ayame (1673–1729) alishikilia kwamba onnagata anapaswa kuishi kama mwanamke hata nje ya jukwaa. Leo hawafuati hivyo, lakini ukimwona Bando Tamasaburo wa tano, aliyezaliwa 1950, akigeuza shingo tu, utaelewa Ayame alikuwa anasema nini. Marufuku iliondoka karne ya 19. Katika kumbi kubwa za Kabuki desturi imebaki ya wanaume. Noh inao wanawake weledi, ingawa wachache.

Rangi za usoni zina maana gani?

Nyekundu ni ya shujaa mwenye nguvu na hasira ya haki. Buluu ni ya mwovu mkubwa. Kahawia ni ya mashetani na viumbe wasio watu. Mistari hufuata misuli ya uso, kana kwamba damu imevimba chini ya ngozi. Mtindo huu wa mabavu ni wa Ichikawa Danjuro wa kwanza, wa Edo, mji ambao sasa ni Tokyo. Baada ya onyesho, mwigizaji huweza kukandamiza kitambaa usoni, na rangi ikabaki humo kama muhuri. Mashabiki huvitunza vitambaa hivyo.

Mbona anasimama ghafla na kukodoa macho, na watu wanapiga kelele?

Huko kusimama kunaitwa mie. Mambo yamefika kileleni, mwigizaji anaganda, kichwa kinazunguka, jicho moja linaweza kukengeuka, na pembeni mtu anagonga vibao viwili sakafuni: ba-tan! Kutoka viti vya juu nyuma, shabiki anapaza jina la nyumba ya mwigizaji: "Naritaya!" kwa ukoo wa Danjuro, "Otowaya!" kwa ukoo wa Onoe Kikugoro. Wakati wake ni mwembamba kama uzi. Ukichelewa nusu sekunde umeharibu. Mgeni ushauri wangu ni mmoja: nyamaza, waachie wenyewe.

Majina yanarithiwaje?

Jina ni kama kiti. Danjuro wa kwanza alichomwa kisu na mwigizaji mwenzake akiwa ukumbini mwaka 1704, jina likaendelea. Wa kumi na mbili alifariki 2013, jina likakaa wazi, na Novemba 2022 mwanawe, Ebizo, akawa Danjuro wa kumi na tatu. Jina jipya hutangazwa jukwaani, waigizaji wakiwa wamepiga magoti mstari mmoja, na watazamaji hulipa tiketi kuona hotuba hizo.

Kwa nini kisa cha samurai 47 kimewekwa karne ya 14?

Kwa sababu ya sheria. Mwaka 1701 bwana Asano alimshambulia afisa aitwaye Kira katika ngome ya Edo, akaamriwa kujiua siku hiyohiyo. Mapema 1703 watumishi wake wa zamani walimuua Kira, nao wakaamriwa kujiua. Kuigiza mambo ya karibuni ya samurai kulikatazwa, hivyo waandishi wa vikaragosi wa Osaka walipotunga "Kanadehon Chushingura" mwaka 1748, walibadilisha majina na kurudisha kisa nyuma miaka mia nne hivi. Kila mtu ukumbini alijua nani ni nani. Kabuki iliinyakua mwaka huohuo.

Nikifika Japani nianze na ipi?

Kabuki, pale ukumbi wa Kabuki-za, Ginza, Tokyo. Jengo lilifunguliwa 1889, limejengwa upya mara kadhaa, na la sasa ni la 2013. Huuzwa tiketi za kipande kimoja tu cha programu kwa viti vya juu kabisa, hivyo ukichoka baada ya saa moja hujapoteza fedha nyingi. Bunraku ina ukumbi wake wa taifa Osaka tangu 1984. Noh iache ya mwisho, na ukienda, usikose kuangalia kama Kyogen imo kwenye programu. Kumbuka pia kwamba Kabuki huchezwa wiki tatu na zaidi mfululizo, ilhali onyesho la Noh kwa kawaida ni la siku moja tu; ukilikosa, limekwenda.

Nitaelewa lugha?

Wajapani wengi wenyewe hawaielewi yote. Kumbi kubwa hukodisha vifaa vya masikioni au skrini ndogo zenye maelezo. Soma kisa kabla, basi.

Naweza kula ndani?

Kabuki, ndiyo, wakati wa mapumziko, kwenye kiti chako. Chakula cha boksi kiitwacho makunouchi, wali na vipande vidogovidogo vya samaki, yai na mboga, jina lake lina maana ya "kati ya pazia na pazia". Kinunue mapema, kabla foleni haijawa ndefu.